Ukitupa magongo, usitupe mazoezi

WAHENGA walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kisa changu mambo yalikwenda kinyume. Guu lilivunjika kwanza, nalo halikuvunjika kwa ukaidi wangu bali kwa pupa ya kijana mmoja wa bodaboda aliyetaka kulipita lori upande usiopitwa. Ukaidi ulikuja baadaye, nilipokwisha kuambiwa kwamba nimepona.

Ningependa leo kuwasimulia wasomaji kisa hicho. Si kwamba mguu wa mwalimu mstaafu ni habari ya kuwekwa gazetini, la hasha. Ila kila ninapokisimulia, iwe ndani ya matatu, sokoni au matangani, sikosi kukutana na mtu anayeitikia kwa kichwa na kuniambia kwamba hayo ndiyo yaliyompata yeye, au mamake, au jirani yake. Jambo linalowapata wengi namna hiyo si siri ya mtu mmoja tena.

Ilikuwa mwezi wa Machi mwaka wa 2022, nami nikiwa na umri wa miaka 61. Mimi ni mkaazi wa Magongo, mjini Mombasa, na wenzangu walipata la kucheka waliponiona nikitembelea magongo katika mtaa wa Magongo. Nilicheka pamoja nao. Mfupa wa paja la kulia ulikuwa umekatika vipande viwili. Madaktari waliupitishia fimbo ya chuma ndani yake, wakaikaza kwa skrubu, na baada ya siku kadhaa wakaniruhusu kurudi nyumbani nikiwa na magongo mawili pamoja na kadi ya kuhudhuria tiba ya viungo, ile ambayo wenyewe hospitalini huiita fiziotherapia.

Aliyenishughulikia huko alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wangu. Yeye aliniita baba, nami nikamwita mwanangu. Kwa muda wa miezi mitatu nilimwendea mara mbili kwa wiki. Alinifundisha kulikunja goti lililokuwa limekakamaa kama bawaba yenye kutu, kuuinua mguu nikiwa nimelala chali, kusimama bila kuegemea upande mmoja, na kupanda ngazi kwa adabu: mguu mzima hutangulia wakati wa kupanda, mguu mgonjwa hutangulia wakati wa kushuka. Nilitokwa na jasho ambalo sikuwahi kulitokwa hata katika siku zangu za kulima. Siku nyingine, nasema kweli, nilitokwa na machozi.

Siku ya mwisho ikafika. Binti yule alinipima, akaandika aliyoyaandika, kisha akaniambia hivi: "Baba, leo tunaagana. Mfupa umeunga, goti linakunjika, na magongo unaweza kuyaacha. Lakini nguvu za mguu huu bado hazijazifikia za mwenzake, wala hazijakaribia." Akanipa kikaratasi alichokichora mwenyewe kwa kalamu, chenye picha za mtu akifanya mazoezi matano. Akaniagiza niyafanye mara tatu kwa wiki, na kila nikiona yamekuwa mepesi, niongeze uzito. Nikamuuliza hadi lini. Akatabasamu na kusema, "Hakuna hadi lini, baba."

Nilikishukuru kikaratasi kile, nikakikunja vizuri, na nilipofika nyumbani nikakitia katika saraka pamoja na stakabadhi za stima na kadi za arusi zilizopitwa na wakati. Huko kikalala.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile, ilhali maisha yangu yote niliwakanya wanafunzi wasiofanya kazi ya ziada niliyowapa. Nadhani kosa langu lilianzia katika neno moja: kumaliza. Sisi tumezoea matibabu yanayomalizika. Mtu akiugua malaria hupewa vidonge, akavimeza hadi vikaisha, na vikiisha amepona. Huko ndiko kumaliza dozi. Nami nilikuwa nimeihesabu tiba ya viungo kuwa dozi ya aina hiyo. Niliambiwa mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, nikaenda, nikamaliza. Maumivu hayakuwapo. Nilitembea hadi dukani na kurudi. Nilitaka nini tena?

Fauka ya hayo, kulikuwa na kiburi cha umri. Aliyeniagiza alikuwa mtoto mbele ya macho yangu. Nilisahau kwamba ukuu wa mtu huwa katika lile analolijua, si katika mvi zake, na kwamba katika habari za mguu wangu yeye ndiye aliyekuwa mkuu, mimi nikiwa mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Dalili ya kwanza niliiona Januari mwaka wa 2023. Mama watoto ni mshonaji, naye alikuwa akinishonea suruali ya kuvaa katika arusi ya jamaa yetu. Aliponipima mapaja akanyamaza, akapima tena, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimesimama sawasawa. Paja la kushoto lilikuwa na sentimita 52. La kulia lilikuwa na sentimita 47. Nikamwambia ashone tu, asiniletee mambo ya hospitali. Akashona. Siku ya arusi upande mmoja wa suruali ulijaa vizuri, na upande wa pili ukawa unapepea kama bendera.

Dalili ya pili haikuwa ya kuchekesha. Mwezi wa Aprili mwaka huo dada yangu mkubwa alifariki, tukampeleka kumzika nyumbani kwetu Taita. Wanaoijua barabara itokayo Mwatate kwenda Wundanyi wanajua jinsi inavyopanda kwa kujipindapinda, na wanajua kwamba ukishashuka garini bado una vijia vya kupanda kwa miguu. Nilivipanda nikihema, nikishika miti. Nikajiambia kwamba ni uchungu wa msiba.

Usiku wa kuamkia mazishi nilikwenda msalani. Choo cha nyumbani kwetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa, kama vilivyo vyoo vingi vya mashambani. Kwangu Magongo tuna choo cha kukalia, kwa hiyo tangu nivunjike sikuwa nimewahi kuujaribu mguu wangu kwa namna ile. Niliingia salama na kuchuchumaa salama. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Nilijaribu mara ya kwanza, mguu wa kulia ukatetemeka na kulegea. Nilijaribu tena nikiushika ukuta, na ukuta wa udongo ukanimegukia mkononi. Nikakaa pale kwa muda ambao sitausema. Mwishowe nikaita.

Aliyekuja alikuwa mpwa wangu, mwana wa marehemu. Alisimama nje ya mlango akaniuliza kwa upole, "Mjomba, niingie?" Nikamwambia aingie. Akanishika chini ya makwapa, akaniinua, akanifunga mkanda wa suruali kama nilivyokuwa nikimfunga yeye alipokuwa mdogo, wala hakusema neno, wala hajalisema hadi leo. Mimi ndiye mjomba niliyepaswa kumshika mkono mfiwa. Badala yake mfiwa ndiye aliyenishika mimi, mamake akiwa bado hajazikwa.

Niliporudi Mombasa nilikitafuta kile kikaratasi sarakani, nikakipata, nikaenda nacho hospitalini kumtafuta yule binti. Hakunikemea. Alinikalisha juu ya kiti, akaniambia niinuke bila kutumia mikono, nikashindwa. Ndipo akanifundisha upya, nami safari hii nikasikiliza. Mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye, na yote nitayaeleza kwa kadiri nilivyoyaelewa.

La kwanza ni kwamba mfupa na msuli ni vitu viwili. Mfupa ukishaunga, umeunga, na aghalabu huchukua miezi kadhaa. Msuli hauungi mara moja ukabaki hivyo. Msuli hutunzwa na kazi. Usipoutumia, mwili huuona kuwa ni gharama isiyo na faida na kuupunguza, nao huanza kuupunguza katika siku zile zile za kwanza za kulala kitandani. Ndiyo maana hata wanaanga walio katika kituo cha kimataifa cha angani, watu wenye siha, hutengewa takriban saa 2 za mazoezi kila siku, kwani huko hakuna uzito wa kuwalazimisha misuli yao kufanya kazi.

La pili ni kwamba sisi wenye umri mkubwa tunapungukiwa hata bila ya kuvunjika. Wataalamu hukadiria kwamba baada ya umri wa miaka 30 hivi, mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake katika kila miaka 10, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Kwa hiyo mzee aliyevunjika mguu huibiwa na wezi wawili, mmoja ni jeraha na mwingine ni umri.

La tatu ndilo lililonishangaza zaidi. Nilikuwa nikidhani kwamba kutembea kwangu kwa kila siku ni mazoezi tosha. Binti yule aliniambia nitembee mbele ya kioo. Nikaona mwenyewe jinsi mguu wa kushoto ulivyokuwa ukifanya kazi yake na ya mwenzake, huku wa kulia ukisindikizwa tu kama mgeni. Mwili ni mjanja. Ukiupa kazi bila kuuamuru ni kiungo gani kiifanye, hukitwika kile chenye nguvu, na kilicho dhaifu kikazidi kudhoofika. Mtu anaweza kutembea kilomita nyingi kila siku kwa mwaka mzima na mguu wake mbovu ukabaki vile vile.

Maarifa haya si mapya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hospitali za jeshi la Marekani zilijaa askari waliojeruhiwa miguu, na wengi wao walichukua muda mrefu kurudiwa na nguvu. Desturi ya siku hizo ilikuwa kumpa mgonjwa mzigo mwepesi aurudierudie mara nyingi. Daktari mmoja wa jeshi, Thomas DeLorme, aliyehudumu katika hospitali ya Gardiner jijini Chicago, alifanya vingine. Aliwapa wagonjwa wake mzigo mzito kwa marudio machache, na kila waliponguka nguvu zaidi akauongeza mzigo. Makala yake ilichapishwa mwaka wa 1945. Kufikia 1948, yeye na mwenzake walikuwa wamefupisha utaratibu huo ukawa mikupuo 3 ya marudio 10, na wengi wetu tunaotumwa nyumbani na vikaratasi hadi leo tunatumwa na mafundisho yaliyotokana na kazi hiyo.

Kuna atakayesema kwamba hao walikuwa askari vijana. Basi na asikie habari za Boston. Mwaka wa 1990 mtafiti Maria Fiatarone na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wazee 10 wanyonge, wenye umri wa takriban miaka 90, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa muda wa wiki 8 wazee hao waliinua vyuma kwa miguu, vizito kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Naam, wazee wa miaka 90! Kumbe ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Lakini ningependa msomaji ashike sehemu ya pili ya habari hiyo, ambayo aghalabu husahaulika. Baada ya wiki zile 8 mazoezi yalisimamishwa. Wiki 4 tu baadaye, wazee wale walikuwa wamepoteza asilimia 32 ya nguvu zao. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka miezi yangu ya kukaa na kikaratasi sarakani, nikauelewa ule mkono wa mpwa wangu chini ya kwapa langu.

Isidhaniwe kwamba kosa ni la uvivu peke yake. Nilipokuwa nikisubiri zamu hospitalini nilifahamiana na hamali mmoja wa soko la Kongowea, kijana wa miaka 30 na kitu, aliyeanguka kutoka juu ya lori akavunjika mguu chini ya goti. Yeye hakulala kama mimi. Wiki ile ile aliyoambiwa mfupa umeunga alirudi sokoni kubeba magunia ya viazi, kwa sababu watoto hawali kikaratasi. Haukupita mwezi, goti likavimba na mgongo ukamkaza kwa kuubebea mguu usiojiweza. Nilipomkuta tena benchini aliniambia, "Mwalimu, mfupa umeunga, lakini guu halinijui tena."

Mimi sikupanda ngazi hata kidogo. Yeye alitaka kuruka kutoka kidato cha kwanza hadi cha mwisho. Sote wawili tulikosa kitu kimoja, yaani muda ulio kati ya kupona na kuwa na nguvu. Hospitali humfikisha mtu mlangoni. Kutoka mlangoni hadi kazini, shambani au Wundanyi kuna safari nyingine, nayo haina daktari wala kadi.

Sasa nitaje jinsi nilivyoifanya safari hiyo, maana maneno bila vitendo ni kelele. Sikujiunga na jumba lolote la kuinulia vyuma. Pensheni yangu haina nafasi hiyo. Vifaa vyangu vilikuwa kiti cha mbao, ngazi za jengo ninamoishi, blada moja kama ile inayofungia mizigo kwenye baiskeli, na mitungi ya maji.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuinuka kitini na kukaa, mikono ikiwa kifuani. Mwanzoni niliweka mto juu ya kiti ili kisiwe chini sana, na niliweza mara nne tu. Nilipofika mara 10, mikupuo mitatu, nikauondoa mto. Zoezi la pili lilikuwa kupanda kidato kimoja cha ngazi kwa mguu wa kulia na kushuka polepole sana, kwani katika kushuka polepole ndimo msuli unamofundishwa kushika uzito. La tatu lilikuwa kusimama kwa vidole nikiushika ukuta, kwanza kwa miguu yote, baadaye kwa mmoja. La nne ni la blada: niliifunga vifundoni, nikatembea kando kando kama kaa wa pwani. Watoto wa jirani waliniita Babu Kaa kwa miezi miwili.

La tano ni la mitungi. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo mtungi ni chuma na mzani kwa pamoja, na kila nyumba ya Mombasa inao, kwa kuwa mifereji yetu tunaijua. Nilianza kwa kubeba lita 3 kila mkono, nikitembea ushoroba wote na kurudi. Kila baada ya wiki moja au mbili, mzigo ulipokuwa mwepesi, niliongeza lita 1. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba kilikuwa mtungi kweli.

Nilifanya hivyo siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku za katikati nikapumzika, maana msuli hujengeka wakati wa mapumziko baada ya kazi. Binti yule alinipa masharti ambayo nayapitisha kwa wasomaji. Usizuie pumzi unapoinua kitu, hasa kama una shinikizo la damu. Uchovu wa msuli na maumivu madogo ya siku moja au mbili ni jambo la kawaida, lakini maumivu makali ya ghafla, kiungo kinachovimba, au goti linalokwama ni ishara ya kurudi kwa mtaalamu. Na yeyote mwenye maradhi ya moyo, au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, aulize kwanza kabla ya kuongeza uzito. Sisemi kila mtu afanye nilivyofanya mimi. Nasema kila mtu aulize, siku ile ya kuagwa, ni yapi ya kwake na atayaongeza vipi.

Wiki za mwanzo paja halikunenepa hata kidogo, na nusura nikate tamaa. Nikaelezwa kwamba kwanza mishipa ya fahamu hujifunza upya kuuamsha msuli, na nyama hufuata baadaye. Ikawa hivyo. Katika wiki ya sita niliweza kuinuka kitini bila mto, ilhali futi ya mama watoto ilisoma sentimita 47 zile zile. Kufikia mwezi wa tano ilisoma 50.

Wapo watakaosema kuwa mambo haya si ya wazee. Katika nchi yetu, iliyozaa Kipchoge Keino na Eliud Kipchoge, mtu akisema mazoezi tunafikiria mbio, na akisema vyuma tunafikiria vijana wa vifua vipana. Mzee akiinua jembe husifiwa. Akiinua mtungi bila kwenda kuoga wala kupika, huulizwa kama yu mzima kichwani. Na mwanamke mzee ndiye anayezuiwa zaidi. Akitoka hospitalini baada ya kuvunjika nyonga, wanawe kwa mapenzi yao humkataza hata kujiinulia kikombe. "Mama, kaa, tutakufanyia." Mapenzi hayo ni mazuri, lakini humfunga mama kitini kuliko plasta iliyokwisha kuondolewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na waliotimu miaka 65 na zaidi waongeze ya nguvu na ya kujimudu wasianguke, siku 3 au zaidi. Linawashauri wazee kufanya zaidi, si kupunguza.

Wapo pia watakaosema hawana muda. Mazoezi yangu huchukua dakika 30. Habari za saa moja jioni huchukua zaidi, na sijasikia mtu akisema hana muda wa kuzisikiliza.

Hata hivyo, nisingependa kuutupa mzigo wote juu ya mgonjwa. Huduma za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka wa 2013, na kuna mambo mawili madogo ambayo kaunti yoyote inaweza kuyatenda bila kujenga jumba lolote. Kwanza, kila anayemaliza tiba ya viungo apewe karatasi ya picha iliyoandikwa kwa Kiswahili au kwa lugha aijuayo, wala asitegemee huruma ya mtaalamu mmoja mwenye kalamu. Pili, apewe tarehe ya kurudi kupimwa baada ya miezi mitatu, hata ikiwa ni kwa dakika tano tu za kuinuka kitini. Mimi laiti ningalijua kwamba kuna mtu atakayenipima, ningalikitoa kikaratasi sarakani. Mwanafunzi husoma kwa kuwa kuna mtihani, na hata walimu wastaafu ni wanafunzi.

Najua wapo wengi ambao hata hiyo miezi mitatu ya tiba hawakuimudu, kwa sababu ya nauli na ada. Kwao neno langu ni zito zaidi: kama utaweza kwenda mara moja tu, basi mara hiyo moja itumie kujifunza yale utakayoyafanya nyumbani, na umwombe mtaalamu akuone ukiyafanya kwa usahihi kabla hujaondoka.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2024 tulirudi Taita kumkumbuka dada yangu. Nilivipanda vijia vile bila kushika miti. Jioni, akina mama walipokuwa wakihitaji maji ya kupikia, niliuchukua mtungi wa lita 20 kutoka mferejini na kuupandisha hadi jikoni, nikipumzika mara mbili njiani. Mpwa wangu alinifuata mbio akisema, "Mjomba, lete nikusaidie." Nikamwambia aniache. Akatembea nyuma yangu kimya hadi juu, akiwa tayari kunidaka.

Usiku ule nilikwenda msalani peke yangu, nikarudi peke yangu. Hakuna aliyejua ila mimi.

Kesho ni Jumatano. Kiti kiko tayari, na kikaratasi cha yule binti sasa nimekibandika ukutani, kimechakaa na picha zake zimeanza kufifia. Kwa yeyote anayesoma haya huku kadi yake ya hospitali imejaa na magongo yameegemezwa pembeni, namwomba jambo moja. Kabla hujayarudisha magongo, fungua saraka, ukitoe kikaratasi chako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi sharti arudi kiwandani.